Nimesoma juzuu tatu za Vagabond nikaona damu tu: ushairi uko wapi?

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Naishi Tanga, ni mtunzi wa mashairi ya arudhi. Mdogo wangu yuko chuo mwaka wa kwanza, na kila nikionana naye ananihimiza nisome manga, yaani hadithi ya michoro ya Kijapani, inayoitwa Vagabond, eti ina ushairi na hekima kushinda vitabu vingi tulivyosomeshwa. Nimesoma juzuu tatu. Nimeona damu, vichwa vilivyopasuka na vijana wenye hasira. Michoro ni mizuri, hilo silipingi. Lakini ushairi sijauona, na nukuu anazobandika kwenye status yake naziona ni maneno ya kawaida. Je, ushairi upo kweli au vijana wanaupamba? Na kama upo, niutafute wapi?"

Marahaba, dada. Nimefurahi kuulizwa na mtu aliyesoma kwanza ndipo akauliza. Ushairi upo, tena mwingi. Ila juzuu tatu za mwanzo hazijafika huko bado, na nukuu za mdogo wako nazo zinakuvuta pembeni.

Nianze na hizo nukuu, maana naona zimekukera. Sitashangaa kama mojawapo ni ile ya mtawa Takuan inayozunguka sana mitandaoni, kwamba ukizama kwenye jani moja hutauona mti, na ukizama kwenye mti mmoja hutauona msitu. Ukiikuta imekaa peke yake juu ya picha ya machweo, nakubaliana nawe, haina uzito. Bibi zetu wana misemo mikali kuliko huo. Lakini Takuan hakuzuliwa na mchoraji. Takuan Soho aliishi kweli, kuanzia 1573 hadi 1645, mtawa wa Kibudha wa Zen, madhehebu ya Rinzai, na alimwandikia waraka mrefu Yagyu Munenori, mwalimu wa upanga wa shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani. Waraka ule unahangaika na jambo moja tu: moyo unaosimama. Anamwambia Munenori, nami naeleza kwa maneno yangu, kwamba adui akiinua upanga na moyo wako ukaenda kukaa kwenye ule upanga, umekwisha. Ukikaa kwenye upanga wako mwenyewe, umekwisha vilevile. Ukikaa kwenye hamu ya kushinda, au kwenye hofu ya kufa, hadithi ni hiyohiyo. Sasa uuweke wapi? Usiuweke popote, nao utaenea mwili mzima. Anatoa mfano wa Kannon, mtakatifu wa huruma wa Kibudha, mwenye mikono elfu: moyo wake ukikwama kwenye mkono mmoja ulioshika upinde, ile mingine 999 inakosa kazi. Kisha unakuja mti wenye majani mekundu. Ukikazia macho jani moja, mengine huyaoni. Ukiutazama mti bila kukazia lolote, yote unayo.

Jani la status ya mdogo wako limechumwa kwenye mti huo. Uzito wake unatoka kwa yule aliyeandikiwa: mtu ambaye moyo wake ukisimama kwa muda wa kufumba jicho, anakufa. Na Takehiko Inoue, mchoraji wa Vagabond, haliachi jani lile libaki kuwa msemo. Analijaribu juu ya mwili wa kijana. Musashi, kijana wa upanga ambaye ndiye shujaa wa hadithi, anasikia mafundisho, anayakubali, halafu anafika hekalu la Hozoin mjini Nara, anasimama mbele ya mkuki wa kijana Inshun, na moyo wake unakwama kwenye hofu. Anakimbia. Shujaa wa kitabu anamwonyesha adui mgongo. Kurasa zile zinaonyesha mtu anavyoweza kuijua hekima kwa maneno bila kuwa nayo, na hiyo ndiyo sababu skrinshoti haziwezi kukupa kitu hiki. Zinachukua msemo na kumwacha nyuma mtu aliyeshindwa kuuishi.

Juzuu ulizosoma zina damu kwa makusudi. Hadithi inaanza mwaka 1600, vita vya Sekigahara vimekwisha, na vijana wawili wa miaka 17, Takezo, ambaye baadaye ndiye ataitwa Musashi, na Matahachi, wamelala katikati ya maiti upande wa walioshindwa. Takezo hana kitu ila nguvu na kiu ya kuitwa asiyeshindika chini ya mbingu. Anaua kwa sababu hajui lugha nyingine. Inoue amechora juzuu 37 kabla ya kusimama mwaka 2015, na hadi ninapoandika hajamaliza. Katika masafa yote hayo anachofanya ni kuivunjavunja ile kiu polepole. Ukiishia ya tatu umeshuhudia ugonjwa tu, tiba bado.

Sasa nikupeleke kwenye ua.

Baada ya Hozoin, Musashi anaelekea bonde la Yagyu. Bwana wa pale ni Sekishusai, mzee aliyewahi kuwa mkali wa upanga kuliko wote na sasa amestaafu. Kijana wa ukoo maarufu wa Yoshioka wa Kyoto, Denshichiro, amekuja akitaka wapimane. Mzee hataki. Badala ya kumtukana au kumfukuza, anakata ua kubwa la peoni na kumpelekea kwa adabu, kama kusema samahani, mwili huu umechoka. Denshichiro analitazama, anaona ua, na anaona amedharauliwa. Hana haja nalo.

Ua lilelile linafika mbele ya Musashi. Yeye hatazami petali. Anatazama shina, pale lilipokatwa.

Ukiufikia ukurasa ule, dada, kaa nao. Inoue anakusogeza karibu hadi unauona mkato wenyewe kwenye shina bichi. Musashi anachukua upanga wake, anakata upande wa pili wa shina hilohilo, kisha analinganisha. Wake ni mkato mzuri. Wa mzee ni mkato mwingine kabisa, na Musashi hawezi kusema tofauti iko wapi, anajua tu kwamba ipo na kwamba imemzidi. Mzee ameandika barua nzima kwa pigo moja. Mpokeaji wa kwanza hakujua kusoma, wa pili akasoma. Mtunzi kama wewe unajua jambo hili kwa uchungu: unaweka kitu ndani ya ubeti, watu ishirini wanausifia kwa vina vyake, halafu mmoja anakuja na kukuuliza kuhusu neno lile moja ulilokesha nalo.

Tukio hili Inoue hakulibuni peke yake. Vagabond imejengwa juu ya riwaya ya Yoshikawa Eiji kuhusu Miyamoto Musashi, iliyotoka kwa mfululizo kwenye gazeti la Asahi Shimbun kuanzia 1935 hadi 1939, na peoni imo humo. Ila riwaya inalazimika kukueleza kwamba mkato ni wa ajabu. Mchoro unakuonyesha shina na kukuacha nalo.

Musashi anaingia ngomeni, anafika hadi chumba alicholala mzee, na hawezi kupiga. Hapo ndipo ile ndoto ya kutoshindika inapata ufa wa kwanza mkubwa, kwa sababu mzee, ambaye naye ujanani aliifukuzia, ameshafika mahali pa kuiona kuwa ni maneno tu.

Mzee huyu naye aliishi kweli, na habari zake zitakugusa wewe hasa. Yagyu Muneyoshi, aliyejiita Sekishusai uzeeni, alizaliwa 1529 akafariki 1606. Mwaka 1594 alimwonyesha Tokugawa Ieyasu, aliyekuja kuwa shogun, jinsi ya kumnyang'anya mtu upanga ukiwa mikono mitupu. Na alipotaka kuacha mafundisho yake kwa wanafunzi, aliyaacha kwa mashairi mia moja. Ni waka, mashairi ya mizani 31: tano, saba, tano, saba, saba. Mojawapo linatokana na jina lake, ambalo ndani yake mna jiwe na chombo cha baharini. Nimejaribu kulipanga kwa mizani zilezile:

Vita najua,
usukani nashika,
bahari pana
ya dunia sivuki:
mimi dau la mawe.

Hesabu, utaona zimetimia. Kiswahili na Kijapani vinaelewana katika hili kwa sababu silabi zetu nyingi, kama zao, huishia kwa irabu, kwa hiyo mizani haziumizi lugha. Lakini yatazame maneno yenyewe. Huyu ndiye mtu ambaye wapiganaji wa nchi nzima walikuwa wakiota kumshinda, na anasema ustadi wake wote haukumtosha kuvuka dunia. Kwamba yeye ni dau, ndiyo, lakini la mawe, la kuzama. Mshairi yeyote wa pwani angelijua chombo hicho.

Kwa hiyo ukiuliza kama ushairi umepachikwa kwenye manga ya panga na vijana wanaopenda kupamba, jibu ni kwamba ulikuwamo kwenye kazi hiyo tangu mwanzo. Samurai aliyesoma alitarajiwa kutunga. Wengi waliandika shairi la mwisho kabla ya kufa. Na wasiokuwa wapiganaji waliwatungia. Mshairi Matsuo Basho alipita Hiraizumi mwaka 1689, mahali ambapo shujaa Yoshitsune alikufa mwaka 1189, miaka 500 kamili nyuma yake, akakuta majani tu, akatunga haiku, shairi fupi la mizani 17, ambayo kwa maana yake inasema: nyasi za kiangazi, ndizo zilizosalia za ndoto za mashujaa. Ukiwa umeusoma Al-Inkishafi, na naamini umeusoma, unajua unasimama wapi mbele ya shairi hilo. Yale majumba ya Pate yenye popo na bundi, na zile nyasi za Hiraizumi, yanaulizana swali moja.

Nije sasa kwenye kile ninachokiona kuwa ndicho ushairi wenyewe wa Vagabond: kimya.

Kuanzia juzuu ya 14 Inoue anafanya jambo ambalo lilinishangaza na bado linanishangaza. Anamwacha Musashi kabisa, kwa juzuu kadhaa, na kutuhadithia maisha ya Sasaki Kojiro, yule ambaye historia inasema alipambana na Musashi kwenye kisiwa cha Ganryu mwaka 1612. Katika riwaya Kojiro ni mjuvi, mwenye majivuno na mdomo. Inoue amemfanya kiziwi. Analelewa kando ya bahari na mzee mpweke, Kanemaki Jisai, bwana wa upanga aliyekata tamaa ya maisha, na kati yao hakuna neno linalopita. Mhusika mkuu hasemi. Hasikii. Hana hata sauti ya ndani ya kutueleza anawaza nini, maana maneno hakufundishwa. Kwa hiyo mchoraji anabaki na macho ya mtoto, mawimbi, mkono wa mzee, upanga mrefu kuliko mwili unaoushika. Ni kipindi hichohicho ambacho Inoue alitoka kwenye kalamu na kushika brashi, na utaiona tofauti: mistari inanenepa na kukonda, wino unavuja kidogo, nywele na mvua zinakuwa kitu kimoja.

Wewe unajua kazi ya kituo katikati ya mshororo, pale ukwapi unapokwisha na utao haujaanza. Msomaji asiyejua anapita mbio. Msomaji anayejua anavuta pumzi pale, na ile pumzi ni sehemu ya shairi. Manga imejengwa kwa vituo vya namna hiyo. Kati ya kisanduku na kisanduku kuna mwanya mweupe, na katika manga ya panga mara nyingi pigo lenyewe linatokea ndani ya mwanya huo. Kisanduku cha kwanza: watu wawili wamesimama. Cha pili: wamesimama bado, ila wamebadilishana nafasi. Kilichotokea hukukiona, umekitunga wewe. Ndiyo maana anayesoma kwa kukimbilia viputo vya maneno anamaliza juzuu kwa dakika ishirini na kusema hajaona kitu.

Hata sauti zao zimeandikwa kwa namna itakayokufurahisha kama mpenzi wa tanakali. Wajapani huchora tanakali ndani ya picha, kubwa, zenye umbo, na wanayo hata tanakali ya kimya, kama sisi tunavyosema kimya ji. Kwenye sehemu za Kojiro zinapungua sana. Ukurasa unakuwa mweupe masikioni.

Tena usidhani jambo hili ni geni kwetu. Kumbuka mwisho wa Fumo Liyongo kama Muhammad Kijuma alivyousimulia katika utenzi wake wa 1913. Amechomwa kitovuni na mwanawe, kwa sindano ya shaba, naye anajikokota hadi kisimani, anapiga goti, anautia mshale upindeni na kuuvuta, na anafia hapohapo. Watu wanamwona kwa mbali. Hakuna anayethubutu kwenda kuteka maji. Siku zinapita, mji una kiu, na marehemu bado amewalenga. Inoue angeupa mwili ule kurasa nane bila kiputo kimoja. Na Liyongo huyo ndiye aliyekuwa malenga, aliyeimba gerezani kumwagiza mama yake kupitia kwa Saada amtilie tupa ndani ya mkate wa wishwa. Shujaa na mshairi ndani ya mwili mmoja ni jambo ambalo pwani hii inalifahamu tangu zamani. Kwa hiyo una kipimo chako mwenyewe cha kuipimia Vagabond, usikiache mlangoni.

Hekima sasa. Sitaki kukupa orodha ya mafunzo, kwa sababu ukishaorodhesha umerudi kwenye status. Nitakueleza sehemu moja tu, ambayo wasomaji wengi wenye haraka waliilalamikia kwamba hakuna mapigano.

Musashi amewaua watu 70 wa ukoo wa Yoshioka kwa siku moja. Inoue anaichora siku ile kwa juzuu nzima na zaidi, na haipambi: ni uchovu, matope, watu wanaolia majina ya ndugu zao. Anatoka pale na jeraha la mguu na jina kubwa. Ndilo jina alilolitaka tangu Sekigahara, na sasa haliwezi kumpa usingizi. Anazurura. Halafu, kuanzia karibu na juzuu ya 34, anakutana na mtoto yatima, Iori, kwenye kijiji maskini chenye udongo mbovu, na anabaki pale kulima.

Kurasa na kurasa za jembe. Ardhi ngumu, mikono inayotoka malengelenge, mto unaofurika na kufuta kazi yote. Anapigana na maji kama alivyopigana na watu, anataka kuyalazimisha yaende atakako, nayo yanamshinda bila hata kumjua. Mzee mmoja wa kijiji, anayejua mpunga, anamtazama kwa dharau, kisha kwa huruma, kisha anaanza kumfundisha. Udongo una lake la kusema, na kijana huyu hajawahi kusikiliza kitu chochote. Njaa inaingia, watu wanaanza kufa, na yule mwenye upanga unaoogopwa nchi nzima hawezi kuiua njaa. Mwishowe anapiga magoti mbele ya mtu mwenye mamlaka kuwaombea wanakijiji chakula. Goti lile ni pigo kubwa kuliko yote aliyowahi kupiga. Kulielewa kunahitaji uwe umepitia damu ya mwanzoni, ndiyo sababu sikushauri uiruke.

Na Inoue hayuko peke yake katika hili. Makoto Yukimura alianza Vinland Saga mwaka 2005, hadithi ya Waviking, na kijana wake Thorfinn, muuaji stadi wa visu, naye anaishia kuwa mtumwa shambani Denmark, akikata miti na kung'oa visiki pamoja na mtumwa mwenzake, Einar, hadi ngano inachipua. Wachoraji wawili mashuhuri wa panga, kila mmoja kwa njia yake, wamewapeleka mashujaa wao shambani. Nadhani wote wawili waliona kwamba upanga unaweza kukuonyesha jinsi ya kufa, lakini ukitaka kujua mtu anaishi vipi lazima umpe mbegu na umlazimishe kungoja.

Je, Musashi wa kweli alikuwa na hekima hiyo? Hapa lazima nitenganishe vitu. Kukutana kwake na Takuan kulibuniwa na Yoshikawa. Mwenyewe alizaliwa karibu na 1584, na mwaka 1643 alianza kuandika Gorin no Sho, kitabu chake cha sanaa ya upanga, akijitenga kwenye pango la Reigando karibu na Kumamoto. Kitabu kina sehemu tano: ardhi, maji, moto, upepo na utupu. Kwa sehemu kubwa ni kitabu cha ufundi, kavu, chenye maelekezo ya namna ya kuweka miguu na wapi pa kutazama. Lakini mwanzoni kabisa anasema jambo zito. Anaeleza kwamba tangu miaka 13 hadi 29 alipigana zaidi ya mara 60 na hakushindwa hata mara moja, halafu alipopita 30 akatazama nyuma na kuona kwamba hakushinda kwa sababu ya kuijua sanaa. Labda alikuwa na kipaji tu. Labda mbingu zilitaka. Labda wapinzani walikuwa na upungufu. Ikamchukua miaka mingine ishirini ya mazoezi hadi alipoielewa. Ni mabingwa wangapi unaowajua wanaoweza kuyachambua mafanikio yao hivyo?

Anasema pia kwamba kila kitu kina mapigo yake, muziki, ngoma, vita, biashara, kupanda na kushuka kwa mtu, na kwamba asiyeyajua mapigo ya jambo hawezi kulifanya. Mtunzi wa arudhi hana haja ya kufafanuliwa hilo.

Na alichora. Kuna picha yake ya wino, iliyohifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Kuboso huko Izumi, karibu na Osaka: tawi kavu lililochorwa kwa mvuto mmoja mrefu kutoka chini hadi juu, na juu yake ndege mdogo mwindaji ametulia. Ukitazama vizuri katikati ya tawi utaona kiwavi anapanda, anamwendea ndege. Hakuna kingine kwenye karatasi. Ukiitafuta mtandaoni utaipata, na ningependa uitazame kabla hujaendelea na juzuu ya nne, kwa sababu ukiiona utajua Inoue alijifunza kwa nani kuacha nafasi tupu.

Nikuonye pia, maana sipendi kukuuzia asali tupu. Vagabond ilitoka kwenye jarida la watu wazima, Morning, tangu 1998, na ina matukio ya ngono na ukatili ambayo siyo ya watoto. Mdogo wako wa chuo sawa. Wa darasa la sita usimpe. Wanawake wake, hasa Otsu anayempenda Musashi, mara nyingi wamewekwa wangoje na kupendwa tu, na huo ni udhaifu wa kweli. Kisha kuna hatari ya kuuabudu upanga. Riwaya ya Yoshikawa ilisomwa na Wajapani wakati nchi yao inaingia vitani China, 1937, na picha ya mpiganaji mtakatifu asiyeogopa kufa ilikuwa na matumizi mabaya siku zile. Inoue, aliyechora miaka sitini baadaye, naamini alilijua hilo, ndiyo maana kila ushindi wake unanuka. Lakini wapo vijana wanaoisoma kama mwongozo wa kuwa mgumu, kutohitaji mtu, kukaa peke yao na kuuita upweke nguvu. Kama mdogo wako anaelekea huko, zungumza naye kuhusu lile goti.

Manga nyingine nitazigusa kidogo tu. Lone Wolf and Cub ya Koike Kazuo na Kojima Goseki, 1970 hadi 1976, ina kurasa za kimya ambazo wengi waliofuata wamejifunza kwazo. Mwanzoni mwake baba anamwekea mtoto anayetambaa mpira na upanga, achague. Akigusa mpira atauawa amfuate mama yake, akigusa upanga watatembea pamoja njia ya kuzimu. Macho ya mtoto yule hutayasahau. Kimetsu no Yaiba ya 2016 hadi 2020, ambayo labda mdogo wako anaijua kwa anime, yaani katuni ya video, ni ya vijana zaidi na maneno yake ni mengi mno kwa ladha yangu, ila ina tabia moja njema: shujaa wake, Tanjiro, akishamkata zimwi, mara nyingi humwombolezea. Nisingeanzia hapo kwa mtu wa arudhi.

Basi, pa kuanzia. Usirudi juzuu ya kwanza. Endelea na ya nne, soma hadi ua la peoni, na ukifika pale simama jioni hiyo, usigeuze zaidi. Kisha uendelee hadi umalize ya 13. Ukifungua ya 14, pitia kurasa zote mara ya kwanza bila kusoma neno hata moja, uangalie mikono na macho tu, halafu ndipo urudi na kusoma. Na kabla ya kwenda mbele, jaribu kuandika ukurasa mmoja wa Kojiro kwa mizani 31 za Kiswahili, tano, saba, tano, saba, saba, bila vina. Utaumia mwanzoni, kwa sababu mkono wako umezoea kina cha kati na cha mwisho kukushikilia. Nitumie utakachopata, hata kikiwa kimebaki mishororo mitatu.